SOMO LA BIOLOJIA: NYWELE ZENYE KUANGUKA ZINAWEZA KURUDI?

Wandugu wanafunzi, sisi wote tunapoteza nywele 50 mpaka 100 kila siku. Hii si ugonjwa. Lakini wasichana wengi nywele zao zinapunguka juu ya paji la uso, sababu ya kusuka kwa kukaza sana.

Leo waganga wengine wanatumia damu ya mgonjwa mwenyewe. Wanatoa damu kidogo mkononi, wanaizungusha mbio ndani ya mashini, halafu wanachukua maji ya manjano yenye plaketi nyingi, ni kusema vile vipande vidogo vyenye kugandisha damu kwenye kidonda. Wanayatia na shindano katika ngozi ya kichwa, ili yaamshe mizizi ya nywele. Wengine wanapata faida, wengine hapana.

Tuelewe vizuri: dawa hii inaamsha mzizi wenye kulala, haifufui mzizi wenye kufa. Pahali ngozi imekwisha kuwa kovu, nywele hazirudi. Tena bei yake ni kali.

Basi, kama kichwa kinauma kisha kusuka, tufungue misuko siku ile ile. Hiyo haiombi hata franga moja.

Swali: Mzizi wenye kulala na mzizi wenye kufa, tofauti yake ni nini?