Mahindi yenye kuvu hayafai hata kwa ng'ombe

Bila shaka umewahi kuona mahindi yakichaguliwa baada ya gunia kufunguliwa. Yaliyo mazuri hupelekwa kusagwa unga, na yaliyoshika kuvu huwekwa kando yapewe kuku au ng'ombe. Wengi huona kwamba kwa njia hiyo hakuna kilichopotea. Lakini sumu iliyomo katika mahindi hayo haiishii tumboni mwa mnyama. Sehemu yake hurudi mezani kwako ikiwa ndani ya maziwa.

Sumu hii ni nini?

Sumu hiyo huitwa aflatoksini. Hutokana na kuvu ambayo huishi udongoni na huweza kuyaingia mahindi yakiwa bado shambani, hasa wakati wa ukame au yanapotobolewa na wadudu. Yakiwekwa ghalani kabla ya kukauka vizuri, kuvu huzidi kuenea.

Sumu hii iligunduliwa kupitia chakula cha mifugo. Mwaka wa 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza, na ikabainika kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya njugu yenye kuvu. Hapa Kenya, mwaka wa 2004, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, wengi wao kutoka sehemu za Makueni na Kitui. Kati yao 125 walifariki.

Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi huenda asihisi lolote, lakini hujiweka katika hatari ya kupata saratani ya ini. Hatari hiyo huzidi kwa mtu aliye na homa ya ini aina ya B.

Inavyofika kikombeni

Ng'ombe anapokula chakula chenye sumu, sehemu yake hubadilishwa na ini na kuingia katika maziwa kwa muda wa siku moja hivi. Kwa kawaida kiasi hicho ni kati ya asilimia 1 na 6 ya sumu aliyoila. Huenda ukasema ni kidogo, lakini mkumbuke mtoto anayetegemea maziwa kila siku. Kuchemsha maziwa huua viini vya magonjwa, lakini hakuiondoi sumu hii.

La kutia moyo ni kwamba ng'ombe akiacha kupewa chakula hicho, maziwa yake husafika baada ya siku chache.

Mfugaji naye hupata hasara. Vifaranga hudumaa, mayai hupungua, na ng'ombe hupoteza hamu ya kula. Kinga ya mwili hudhoofika kiasi kwamba hata chanjo huenda isifanye kazi ipasavyo.

Ufanye nini?

1. Ikiwa una shamba, vuna mahindi mara yanapokomaa. Yakaushe juu ya turubai wala si juu ya udongo mtupu, na uyafunike mvua ikitisha.

2. Pima unyevu kabla ya kuyaweka ghalani. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, uijaze mahindi hadi theluthi moja, kisha utie vijiko vitatu vya chumvi kavu. Itikise kwa dakika moja, halafu uiache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, usikimbilie kuyafunga. Yaanike siku moja au mbili zaidi, kwa maana kiwango kinachotakiwa ni asilimia 13.5.

3. Ondoa punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, pamoja na vumbi lake. Sumu nyingi huwa katika hizo. Usizichanganye na mahindi mazuri ukidhani utaipunguza makali, kwa sababu utayaharibu yote.

4. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja. Mifuko isiyopitisha hewa husaidia ikiwa mahindi yamekauka kabisa.

5. Unaponunua chakula cha mifugo, kataa kilichoshikana mabonge au chenye harufu ya uvundo. Nunua cha kutosha muda mfupi, hasa msimu wa mvua. Hata hivyo, kumbuka kwamba chakula kinachoonekana safi chaweza kuwa na sumu, na ni maabara pekee inayoweza kuthibitisha.

6. Muulize daktari wa mifugo kuhusu udongo maalum unaochanganywa na chakula ili kuinasa sumu tumboni mwa mnyama. Udongo huo hupunguza madhara, lakini haugeuzi mahindi mabovu kuwa mazuri.

Mahindi yaliyooza yafukiwe shimoni mbali na kisima. Yasiuzwe wala yasipikiwe pombe.

Na ikiwa wewe hufugi, bali hununua maziwa kwa jirani, usione haya kumuuliza ng'ombe wake hula nini na chakula hicho huhifadhiwa wapi. Swali hilo halikugharimu kitu, na huenda likawakinga watoto wako na wake pia.