Hesabu ya Kiwanda Hufanywa kwa Hatua

Wakulima wengi wa Njoro, Molo, Bahati na Subukia huuza maziwa yao kwa njia ya chama, na katika mikutano ya vyama huzuka mara kwa mara shauri hili: tujenge kiwanda chetu wenyewe, tupoze maziwa, tuyachemshe na kuyatia katika pakiti. Shauri ni zuri. Lakini swali linalofuata, "Kitagharimu shilingi ngapi?", hujibiwa upesi mno. Mtu mmoja hutaja bei aliyoisikia kwa muuza mashine, katibu huiandika, na tangu siku ile wanachama huishika kana kwamba ni bei ya sukari dukani. Fedha zenyewe zitakatwa katika malipo ya maziwa ya kila mwezi. Basi yafaa tujue hesabu ya kazi kubwa hupatikanaje.

Wahandisi hawaifanyi mara moja. Huifanya kwa hatua, na kila hatua hutumia fedha kidogo ili kujua kama inafaa kutumia nyingi zaidi katika hatua inayofuata. Mfano mzuri tunao hapa kwetu, Olkaria, kusini ya Ziwa Naivasha, ambako mvuke wa chini ya ardhi huendesha mitambo ya umeme.

Mwaka 1956 visima viwili vilichimbwa pale. Joto lilikuwako, lakini mvuke haukutoka kwa wingi wa kutumika, na kazi ikaachwa. Hasara ilikuwa ya visima viwili, si ya kituo kizima cha umeme. Mwaka 1970 Serikali ya Kenya ilianza tena, ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa, na safari hii hawakuanza kwa kuchimba. Walipima kwanza ardhi kwa vyombo, toka Olkaria hata Ziwa Bogoria, kisha wakachagua Olkaria. Ndipo wakachimba. Kufikia mwaka 1976 walikuwa na visima sita, wakaupima mvuke wake, na hapo tu ndipo wataalamu walipofanya hesabu kamili na kushauri ijengwe mitambo miwili ya megawati 15 kila mmoja. Wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981, wa pili mwaka 1982, na wa tatu ukaongezwa mwaka 1985. Mtu asiye na subira atasema miaka ile ni mingi mno. Lakini hakuna mtambo ulionunuliwa kabla ya kujulikana kwamba mvuke wa kuuendesha upo.

Linganisheni na reli ipitayo Nakuru. Njia yake ilipimwa haraka haraka mwaka 1891 na 1892, na mwaka 1896 Bunge la Uingereza likakubali pauni milioni 3. Reli ilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901, mabonde na miteremko ya Ufa ilikuwa imeonyesha gharama yake halisi, na mwisho zilitumika pauni zipatazo milioni 5 na nusu. Uingereza ilikuwa na hazina ya kulipa tofauti ile. Chama cha maziwa hakina.

Sasa turudi kwenye kiwanda chetu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu.

Hatua ya kwanza ni ya kalamu na karatasi, na swali lake kubwa si bei ya mashine, bali ni maziwa. Pimeni lita zinazoletwa kila siku kwa mwaka mzima, hasa miezi ya ukame kuanzia Januari, ng'ombe wanapopungukiwa na majani. Tangi la lita 5,000 linalopokea lita 1,500 hula umeme na mshahara bila kuleta faida. Mhandisi akilinganisha na viwanda vingine vya ukubwa huo, aweza kusema, "Kama shilingi milioni 20." Mwulizeni upana wa makisio yake. Katika hatua hii gharama halisi yaweza kuwa nusu ya hiyo au maradufu: milioni 10 hata milioni 40. Akikataa kutaja upana huo, tafuteni mwingine.

Hatua ya pili ni kwenda kiwanjani, na hapa ndipo chama kisione uchungu kutoa fedha. Udongo wa sehemu nyingi za Nakuru ni majivu ya volkano, na ardhi ya Bonde la Ufa ina nyufa zilizofichika. Ufa uliofunguka karibu na Mai Mahiu mwaka 2018 baada ya mvua kubwa ungefaa kuonwa na kila mjenzi. Chimbeni mashimo ya majaribio kabla ya kuchora msingi. Pelekeni maji ya kisima yapimwe, maana maji mengi ya chini ya ardhi huku yana floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na kuyasafisha ni gharama ya kudumu. Ulizeni umeme wa kuendesha mashine uko umbali gani, na maji machafu yatakwenda wapi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yataka jambo hili lichunguzwe kabla ya kujenga. Huenda makisio sasa yakawa milioni 27, kati ya 19 na 40. Yamepanda, lakini upana umepungua, na hiyo ndiyo faida mliyoinunua.

Hatua ya tatu ni michoro, orodha ya mashine na bei zilizoandikwa na wauzaji. Makisio huwa, tuseme, milioni 29, kati ya 26 na 35. Hapa ndipo mkopo uombwe, na uombwe pamoja na akiba ya mambo yasiyotazamiwa, si kwa ile 29 tupu.

Kati ya hatua na hatua, mkutano wa wanachama ujibu moja kati ya haya: tuendelee, turudie upimaji, au tuache. Jibu la tatu huwa gumu, kwa sababu wenyekiti huona haya na wanachama husema, "Tumekwisha kutumia laki nane." Laki nane hizo hazirudi, mkijenga au msijenge. Swali la mkutano ni juu ya zile milioni ambazo bado zimo mifukoni mwenu.

Na mkataba ukisha tiwa sahihi, msibadili mchoro. Mlango uliosogezwa kwenye karatasi hugharimu kifutio; uliosogezwa ukutani hulipiwa mara mbili, kuvunja na kujenga.