Bidhaa 'rafiki wa mazingira' zaweza kuziba bomba linalovuja?

TONE moja likidondoka kila sekunde, kwa siku hutimia matone 86,400. Maji hayo yaweza kukaribia kujaza mtungi wa lita 20. Kwa mkazi wa Mbita, Kaunti ya Homa Bay, anayeliona Ziwa Viktoria kutoka mlangoni lakini akilipia maji safi, hiyo si hasara ndogo.

Hata hivyo, kupotea kwa maji ni nusu tu ya madhara. Bomba likijaa, tundu hutoa maji nje. Maji yanapokatika, nguvu ndani ya bomba hupungua na tundu lilo hilo hufyonza maji machafu yaliyotuama kando yake. Maji yanaporudi, uchafu huo hufika kikombeni. Hivyo homa ya matumbo na kipindupindu vyaweza kuingia hata katika nyumba yenye mfereji. Wakazi wengi wa Nyanza wanakumbuka kipindupindu cha 1997 na 1998.

Siku hizi kuna viungo vya mabomba na vitu vya kuzibia vinavyouzwa kwa sifa ya kuwa 'rafiki wa mazingira'. Je, vinafaa? Ndiyo, vingi vinafaa, mradi kila kimoja kitumiwe mahali pake. Maneno ya pakiti hayazibi bomba.

Katani
Nyuzi za katani hutokana na mimea na zikitupwa huoza. Zikilowa huvimba na kujaza nafasi kati ya meno ya kiungo. Kwenye mabomba ya chuma hufanya kazi vizuri, zikipakwa dawa ya kuzibia iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa. Zisitumiwe kwenye viungo vya plastiki, kwani zikivimba zaweza kuvipasua. Tena bomba likikaa kavu kwa muda mrefu, nyuzi husinyaa na kuvuja huanza upya.

Utepe mweupe
Utepe wa Teflon hauozi, kwa hiyo katani huushinda kwa upande wa mazingira. Lakini hauyeyuki ndani ya maji, nao hufaa chuma na plastiki. Uzungushwe mara tatu hadi tano kufuata upande kiungo kinakofungiwa. Ukizungushwa kinyume hufunguka, na kiungo huvuja.

Mpira wa tyubu ya baiskeli, ambao wengi hufunga juu ya ufa, ni wa dharura tu. Huficha uchafu na hauzuii maji kwa muda mrefu.

Jihadhari na risasi
Zamani mafundi walipaka katani rangi nyekundu yenye madini ya risasi. Hiyo ni sumu. Mifereji na viungo vya shaba ya rangi ya dhahabu pia vyaweza kuwa na risasi. Madini haya hudhuru ubongo wa mtoto, na wataalamu hawajui kiwango chochote kisicho na madhara. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 10 kwa lita kuwa kiwango cha juu katika maji ya kunywa.

Wengi hudhani kuchemsha maji hutibu kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, lakini hakuondoi risasi hata kidogo.

Mambo ya kuzingatia
1. Nunua viungo vyenye alama ya ubora ya KEBS, na uliza kama vimetengenezwa bila risasi.
2. Mabomba ya plastiki ya PPR huunganishwa kwa joto bila gundi. Ukitumia yale ya gundi, iache ikauke kabisa kwanza.
3. Baada ya ukarabati, acha maji machafu yatoke hadi yawe safi, na tia klorini kwenye maji ya kunywa.
4. Maji yakilala bombani usiku kucha, ya kwanza yafulie au uoshee sakafu. Usiyapikie wala kumpa mtoto.
5. Fukia shimo la maji yaliyotuama kando ya bomba.

Kiungo kinachodumu miaka mingi bila kuvuja ndicho rafiki wa kweli wa mazingira, na wa tumbo lako pia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bomba usipozibwa, gharama yake huenda ikalipwa hospitalini.