Kabla ya Dawa ya Kifua, Sogeza Kabati

Wadogo zangu, masika imekatika, kuta zinaanza kukauka, na meseji mnazonitumia wiki hizi zinafanana. Mafua hayaishi. Mtoto anakohoa usiku kucha, asubuhi anakwenda shule mzima kabisa. Ukiamka kichwa kizito, ukishafika kazini kinapoa chenyewe. Na mwisho wa meseji swali ni lile lile: dada, nitumie dawa gani?

Mimi si daktari, dawa sikuandikii. Ila kabla hujaenda duka la dawa nijibu swali langu moja la kimbea: dirisha la chumbani kwako lilifunguliwa lini mara ya mwisho? Sisemei lile la sebuleni wanaloliona wageni. Nasemea la pale unapolala.

Jibu la wengi nalijua. Halifunguki, kuna kabati mbele yake.

Vyumba vyetu vya kupanga tunavijua. Kitanda cha tano kwa sita kimekula nusu ya chumba, kabati la nguo limekosa pa kukaa likaegemezwa dirishani, juu ya kabati kuna masanduku, juu ya masanduku kuna feni mbovu inayomsubiri fundi. Uvunguni kumeshindiliwa mabegi ya shangazi kaja, sufuria za shughuli na viatu ambavyo mwenyewe ameshahama mji. Dirisha lenyewe siku hizi ni la aluminiamu la kusukuma, hata ukilifungua lote unapata nusu tu, maana kioo kimoja kinajificha nyuma ya mwenzake. Mbele yake pazia zito, na jingine la urembo. Humo ndani watu wanne wanalala kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, wanavutiana pumzi ile ile. Halafu tunashangaa mmoja akipiga chafya Jumatatu, Ijumaa nyumba nzima iko chini.

Sasa watu wakisikia habari ya kupunguza vitu, wanakimbilia nguo. Wanazikunja, wanazipanga kwa rangi, wanapiga picha. Kabati linapendeza, hewa iko pale pale. Mimi naomba uanze na dirisha. Kilicho mbele ya dirisha kihame leo, hata kama chumba kitaonekana kimevurugika kwa siku mbili. Ukikosa pa kukiweka, basi hicho ndicho cha kwanza kutoka nyumbani, na hapo hatuhitaji tena kujadiliana kipi kibaki kipi kiondoke. Chumba chenyewe kimeshaamua.

Mwezi uliopita nilikuwa Tabata kwa binamu yangu. Ana mtoto wa darasa la pili ambaye kifua kinambana kila mvua ikishika kasi. Tukasogeza kabati. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ukungu mweusi kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, ubao wa mgongo wa kabati umevimba, na chini kabisa sweta ya shule ya mtoto, imekunjwa vizuri, lakini ukiigusa ina unyevu na inanuka koga. Kitanda cha mtoto kilikuwa ubavuni mwa kabati hilo, mto wake upande huo huo. Binamu akaniambia, "Dada, mimi siku zote nadhani ni harufu ya rangi." Alikuwa ameshapaka rangi mara mbili juu ya ukungu. Ukungu haufi kwa rangi, unaishi kwa maji, na upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na bomba la bafu la jirani linavuja. Alitafutwa fundi bomba kwanza, mengine yakafuata.

Ukungu ukikauka na kutikiswa hurusha chembe ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho, na mwenye pumu au mzio ndiye wa kwanza kuzisikia kifuani. Kitu kilicholowa, iwe zulia, godoro au boksi la karatasi, kikaushe ndani ya siku moja au mbili. Kikipita hapo, ukungu umeshapata makazi. Na tafadhali, hayo maboksi ya televisheni na friji tunayoyatunza "kwa ajili ya kuhamia" yatupe. Hunywa unyevu na kuuhifadhi, na mende huyapenda kuliko unavyoyapenda wewe.

Turudi kwenye hewa. Hewa ili itembee inataka pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha moja na mlango uliofungwa ni nusu ya kazi. Wazee wetu wa mwambao walilijua hilo. Angalia nyumba ya Kiswahili iliyobaki Kariakoo au Ilala, mlango wa mbele unatazamana na mlango wa uani, katikati ukumbi, vyumba huku na huku. Kaskazi ikivuma au kusi, ukumbi unapitisha upepo mchana kutwa bila umeme. Tumezivunja, tumejenga vyumba vya dari fupi na kununua feni ya kuzungusha joto lile lile.

Si maneno ya kusifia ya zamani tu. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwenye hospitali 8 za Lima, Peru, mji wenye kifua kikuu kingi. Walipofungua madirisha na milango, hewa ya wodi ilibadilika mara 28 kwa saa kwa kipimo cha kati, zaidi ya maradufu ya vyumba maalumu ambavyo hewa yake hubadilishwa kwa mashine mara 12 kwa saa. Wodi zilizofanya vizuri zaidi ni zile za majengo ya zamani, yenye dari ndefu na madirisha makubwa. Naye Florence Nightingale, muuguzi wa Uingereza, alipoandika Notes on Nursing mwaka 1859, sura ya kwanza aliiweka ya hewa safi, kabla ya chakula, kabla ya usafi wa chumba, kabla ya kitanda.

Kifua kikuu nakitaja kwa makusudi. Tanzania na Kenya ziko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Vijidudu vyake husafiri hewani mgonjwa anapokohoa, na kwenye chumba kilichofungwa vinaweza kuelea kwa saa kadhaa. Upepo ukipita huvichukua nje, na jua huviua. Daladala lenye vioo vilivyofungwa wakati wa mvua nalo ni chumba, msione haya kumwambia konda afungue kidogo.

Haya, uvunguni. Toa kila kitu, fagia mpaka kona ya mwisho, na kama unaweza uache uvungu mtupu. Godoro linataka kupumua chini, na kunguni wanataka usifanye hivyo. Kunguni anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, amejibanza kwenye mshono wa begi ambalo hulifungui. Kuna mdudu mwingine mdogo zaidi, utitiri wa vumbi, humwoni kwa macho, anakula ngozi tunayoipukutisha tukilala, na kinyesi chake ndicho kinachowabana kifua wengi wenye pumu. Hanywi maji, hupata unyevu wake hewani, kwa hiyo chumba kikavu kinammaliza. Godoro na mito vitoke juani mara kwa mara, toka asubuhi hadi jua likolee, geuza upande. Mashuka kila wiki, kwa maji ya moto kweli kweli, yasiyovumilika kwa mkono. Blanketi la mtoto usilisahau, na lile dubwana la manyoya alilopewa siku ya kuzaliwa.

Ukifagia usitimue vumbi. Nyunyiza maji kidogo au tumia kitambaa kibichi, na mwenye pumu akae nje mpaka umalize. Nimeona mama anafanya usafi kwa ajili ya mtoto mwenye pumu huku mtoto amekaa katikati ya vumbi akitazama katuni.

Moshi je? Jiko la mkaa halilali ndani, hata kama Njombe kuna baridi ya kukata mifupa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, watu hulala wasiamke. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa nishati za kupikia majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Mkaa uwashwe nje, upikie barazani au uani. Mvua ikikulazimisha kuingia ndani, mlango na dirisha viwe wazi, na ukimaliza kupika jiko litoke. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo, ile ya mzunguko, utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kipande kimoja hutoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Unamfungia mwanao nayo chumbani usiku kucha? Chandarua kinatosha. Na udi wangu ninaupenda, siwezi kudanganya, lakini nafukiza madirisha yakiwa wazi.

Hapo wengine mnaniuliza, dada, nikifungua dirisha si ninakaribisha mbu na wezi? Swali la haki. Fungua asubuhi mapema, acha wazi mchana mkiwepo, funga jua linapotua mbu wa malaria wanapojiandaa. Weka wavu, na uuoshe, maana wavu uliojaa vumbi ni ukuta. Kuhusu wezi wanaovua simu kwa mti wenye ndoano, nondo haziwazuii. Simu, pochi na suruali ya mshahara zikae mbali na dirisha. Ila usiku, wavu ukiwepo, acha wazi angalau sehemu ndogo ya juu.

Mbu wa dengue huyu wetu anauma mchana, na yeye anategemea mrundikano wa uani zaidi kuliko dirisha lako. Dar iliugua dengue mwaka 2014, ikaugua tena 2019. Matairi, makopo ya rangi, madumu yaliyokatwa, sahani za maua, hayo ndiyo mazalia yake. Yai hadi mbu mzima ni kama wiki moja hadi siku kumi, na mayai yaliyoganda ukingoni mwa pipa hustahimili ukavu miezi kadhaa yakisubiri maji. Kumwaga hakutoshi. Sugua kingo kwa brashi, kisha funika.

Sasa kipengele kigumu, kuachana na vitu. Vya marehemu usivikimbize, chagua vichache vyenye kumbukumbu, uvifue, uvianike, uvihifadhi vikavu. Vilivyobaki mpe anayehitaji kwa nia ya sadaka. Vya mume usiviguse bila kumwambia, hata lile redio lisiloongea. Seti ya vikombe ya mama mkwe ibaki kabatini, amani ya ndoa nayo ni afya. Lakini mafuta ya taa kwenye chupa ya soda yatoke leo, maana mtoto haulizi, anakunywa. Likitokea usimtapishe, mkimbize hospitali. Na ule mfuko wa dawa zilizobaki tangu ugonjwa wa mwaka juzi, upeleke kwa mfamasia akuelekeze pa kuziteketeza. Dawa za kupeana majirani zimeshaleta maafa ya kutosha.

Usimalize yote siku moja, utaumia mgongo na utagombana na watu. Wiki hii dirisha, wiki ijayo uvungu. Kama nyumba ni ya kupanga na dirisha limeota kutu au halina kitasa, mwambie mwenye nyumba kwa maandishi, na kabla ya kulipa kodi inayofuata.

Na jambo hili moja msinichanganyie. Dirisha si tiba. Kikohozi kikipita wiki mbili, au ukitoka jasho usiku, ukipungua uzito, ukikohoa damu, nenda kituo cha afya usisubiri nyumba ikauke. Kwenye vituo vya serikali kipimo cha kifua kikuu na dawa zake ni bure, na dozi ya kawaida ni miezi sita.