Ukuta Ukipasuka, Nani Aamue?

Wengi wetu hujenga nyumba ya mawe kwa akiba ya miaka mingi, wala hatuandikiani na mjenzi ila bei tu. Mvua ya kwanza ikinyesha, ukuta wapasuka. Mwenye nyumba huzuia fedha zilizosalia. Mjenzi naye hudai kwamba udongo ndio uliodidimia. Hapo ndipo mwamuzi afaapo.

Sheria ya Kenya ya mwaka 1995 yataka mapatano ya kupeleka shauri kwa mwamuzi yawe ya maandishi. Basi yaandikeni kabla ya kuchimba msingi. Mwamuzi aliye stadi wa majengo aweza kwenda mwenyewe kuutazama msingi na kuchunguza saruji na mchanga, akazisikiliza pande zote mbili. Wala yeye si mpatanishi wa kubembeleza: neno lake lawafunga wote wawili, na atakaye litanguliwe na Mahakama Kuu ana miezi 3 tu tangu alipolipokea, tena kwa sababu chache zilizotajwa na sheria.

Ujira wake si haba. Kwa bati moja livujalo, afadhali wazee wa mtaa. Lakini ukuta msiubomoe wala kuupaka chokaa kabla hajauona.