Sauti Nzito Baharini: Kuchagua na Kufunga Sabufa Katika Chombo

Safari ya kutoka Wete, kisiwani Pemba, hadi Tanga ni ya karibu kilomita 70, na mwelekeo wake ni magharibi takribani moja kwa moja. Katikati umo Mkondo wa Pemba, ambao kina chake hupindukia mita 700. Nahodha auvukaye usiku, nchi kavu ikiwa haionekani, huitegemea dira. Baadhi ya vyombo hubeba pia redio na spika kubwa kwa ajili ya kuwaburudisha abiria, wageni waendao kisiwa cha Misali, au watu wa harusi. Ni rahisi kusahau kwamba ndani ya spika hiyo mna sumaku yenye nguvu, na kwamba sindano ya dira nayo ni sumaku. Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua na kufunga spika ya sauti nzito, ambayo mafundi huiita sabufa, ili muziki usikike vizuri na chombo kibaki salama.

1. Sauti nzito na urefu wa wimbi

Sauti ni mtetemo usafirio hewani. Katika hewa ya joto la pwani, mwendo wake ni karibu mita 345 kwa sekunde. Urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawanya mwendo huo kwa idadi ya mitetemo katika sekunde moja, yaani hezi. Sauti nyembamba ya hezi 5,000 ina wimbi la sentimita 6.9 tu. Sauti ya gitaa la besi ya hezi 50 ina wimbi la mita 6.9, ambao ni urefu wa mashua ndogo nzima.

Tofauti hiyo ina matokeo mawili. Kwanza, wimbi refu huvizunguka vizuizi, na kwa hiyo sabufa yaweza kuwekwa chini ya kiti bila ya kumwelekea msikilizaji. Spika ndogo ya sauti nyembamba haiwezi. Pili, sauti nzito huhitaji hewa nyingi isukumwe, na ndiyo sababu sabufa ina koni pana inayokwenda mbele na nyuma kwa umbali mkubwa. Muundo wake ni ule ule ulioelezwa mwaka 1925 na wahandisi wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg: koili ya waya iliyoshikizwa kwenye koni huning'inia ndani ya uga wa sumaku, na umeme upitapo katika koili hiyo, koni hutikisika.

Chumbani, kuta na dari huirudisha sauti kwa msikilizaji. Baharini hakuna ukuta. Sauti hutawanyika na spika ile ile huonekana dhaifu. Wengi hukimbilia kununua wati nyingi zaidi. Lakini kuzidisha nguvu ya umeme mara mbili huongeza desibeli 3 tu, ambazo sikio huziona kuwa ongezeko dogo.

2. Kuchagua sabufa

Jambo la kwanza la kuangalia ni kiasi cha sauti itolewayo kwa wati moja, kinachopimwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 50 hutoa sauti sawa na spika ya desibeli 87 iliyopewa wati 100. Katika chombo chenye kutegemea betri, spika ya kwanza ina faida kubwa.

Jambo la pili ni maumbile yake. Koni ya karatasi hunyonya unyevu na kulegea. Koni ya plastiki hudumu zaidi. Mzingo wa koni uwe wa mpira, si wa sponji, kwa kuwa sponji huoza upesi kwa jua na chumvi. Skrubu na wavu wa kukinga viwe vya chuma kisichoshika kutu.

Jambo la tatu ni kisanduku. Koni inaposukuma hewa mbele, huivuta nyuma kwa wakati huo huo. Mawimbi ya nyuma yakikutana na ya mbele, hufutana, na sauti nzito hupotea. Kisanduku huyatenganisha. Kwa chombo cha baharini, kisanduku kilichozibwa pande zote hufaa kuliko chenye tundu, kwa sababu hukinga pia mgongo wa spika dhidi ya maji. Ujazo wake ufuate maelezo ya mtengenezaji. Kisanduku kifungwe imara, kikikalia kipande cha mpira, wala mbao za ubavu wa chombo zisitobolewe kwa ajili yake.

3. Umeme wa chombo

Chukua mfano wa amplifaya itoayo wati 270, yenye ufanisi wa asilimia 75. Umeme utakaoingia ni 270 ÷ 0.75 = wati 360. Kwa betri ya volti 12, mkondo wa umeme ni 360 ÷ 12 = ampea 30. Betri ya ampea-saa 100 ingekwisha kwa saa 3 na dakika 20. Lakini betri ya risasi na asidi huharibika upesi ikizoea kushuka chini ya nusu, na kwa hiyo kwa sauti kamili ingefaa kutumiwa saa 1 na dakika 40 tu. Muziki wa kawaida hautumii nguvu kamili kila wakati. Hata hivyo hesabu hii yaonyesha hatari iliyopo. Betri moja ikilisha muziki, taa, pampu ya ngama na starta ya injini, huenda ikaishiwa nguvu wakati inapohitajiwa zaidi. Muziki uwe na betri yake, na betri ya kuwashia injini iachwe peke yake.

Unene wa waya nao una hesabu yake. Ikiwa amplifaya iko mita 5 kutoka kwenye betri, umeme husafiri mita 10, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wenye eneo la milimita mraba 4 una ukinzani wa omu 0.044 kwa urefu huo. Kwa ampea 30, volti 1.3 hupotea njiani, na karibu wati 40 hugeuka kuwa joto ndani ya waya. Waya wa milimita mraba 16 hupoteza robo tu ya kiasi hicho. Nyaya zifaazo zaidi ni za nyuzi nyingi za shaba zilizopakwa madini ya bati, kwa maana shaba tupu huliwa na chumvi.

Fyuzi huwekwa ili kuukinga waya usiungue. Mahali pake ni kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, ili sehemu isiyokingwa iwe fupi iwezekanavyo. Aidha, betri na amplifaya visikae pamoja na tangi la petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kukusanyika katika ngama, na cheche moja yatosha kuuwasha.

4. Sumaku mbili katika chombo kimoja

Mwaka 1820, Hans Christian Oersted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme. Ugunduzi huo unamhusu nahodha moja kwa moja. Dira ya chombo chenye sabufa huweza kupotoshwa na vitu viwili: sumaku ya spika, ambayo ipo hata muziki ukizimwa, na umeme wa nyaya, ambao hubadilika muziki unapopigwa.

Kosa la nyuzi 5 huonekana dogo machoni. Lakini chombo kikienda kilomita 50 kwa kosa hilo, kitakuwa kimepotoka kilomita 4.4 kutoka mahali kilipokusudiwa kufika. Usiku, umbali huo ni tofauti kati ya mlango salama na mwamba. Vifaa vya setilaiti husaidia, lakini huhitaji umeme, dira haihitaji.

Dawa yake ni umbali. Nguvu ya sumaku ndogo hupungua takribani kwa kipeo cha tatu cha umbali: umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu hubaki sehemu moja kwa nane. Kama usukani na dira viko tezi, sabufa ifungwe kuelekea omo. Waya chanya na hasi zisokotwe pamoja, ili uga wa mmoja uufute uga wa mwingine.

Kabla ya kufunga, chombo kiwe kimetulia kimefungwa gatini. Nahodha asome dira, spika iletwe mahali ilipokusudiwa, kisha asome tena, muziki ukiwa umezimwa na ukiwa unapigwa. Jaribio lirudiwe chombo kikielekea pande nyingine, kwani kosa la dira hubadilika kwa kadiri chombo kinavyogeuka. Wahenga wa pwani walisema, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Kipimo kilichofaa katika chombo cha jirani si ushahidi kwa chombo kingine.

5. Jaribio la darasani

Vifaa: dira, spika kuukuu, rula ya mita moja, meza ya mbao isiyo na misumari ya chuma karibu.

Weka dira mezani na uache sindano itulie. Weka spika upande wa mashariki wa dira, mgongo wake ukiielekea, umbali wa sentimita 100. Andika nyuzi ambazo sindano imegeuka. Rudia kwa sentimita 80, 60, 40 na 20. Chora grafu ya nyuzi dhidi ya umbali.

Maswali

1. Je, kosa huongezeka kwa kiasi kile kile kila spika inaposogezwa sentimita 20? Eleza.
2. Tafuta urefu wa wimbi la sauti ya hezi 100.
3. Amplifaya huingiza wati 240 kwa volti 12. Tafuta ampea zake, na muda wa kutumia nusu ya betri ya ampea-saa 80.
4. Kwa nini fyuzi huwekwa karibu na betri wala si karibu na amplifaya?
5. Nahodha ameona kwamba spika haikuigeuza dira chombo kilipoelekea kaskazini. Je, inatosha kusema kwamba mahali hapo ni salama? Toa sababu.