Msimulizi Asiyependeka katika Riwaya ya Kusisimua: Mfano wa Kufa na Kupona

Utangulizi

Wapo wasomaji wanaoikataa riwaya kwa sababu tu msimulizi wake hapendeki. Kihakiki, hoja hiyo haitoshi. Makala haya yanajadili kwamba kinachoiangusha riwaya ya kusisimua si ubaya wa msimulizi, bali ni riwaya yenyewe kutouona ubaya huo. Riwaya mbili za mwaka 1974 zinatumika kama mifano: Kufa na Kupona ya Elvis Musiba na Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi. Zote mbili zinasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na katika zote mbili anayesimulia ni mtu wa majivuno.

Willy Gamba na tatizo la taharuki

Katika Kufa na Kupona, mpelelezi Willy Gamba anatumwa kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi kuzifuatilia nyaraka za siri zinazohusu harakati za ukombozi wa Afrika. Jambo lenyewe ni zito. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na siri ikivuja, wapiganaji wangeuawa.

Hata hivyo, Gamba anajisifu mno. Anajua kupigana, anajua kuvaa, anajua kupendwa. Mara nyingi wanawake huletwa katika masimulizi yake ama kama mitego ama kama burudani. Hapa ndipo taharuki inapopungua: msomaji anayeambiwa kila mara kwamba shujaa hashindwi haogopi tena kwa ajili yake. Linaloumiza zaidi ni kwamba wapigania uhuru, ambao kwa ajili yao safari inafanywa, wanakuwa mandhari tu ya ushujaa wa mtu mmoja.

Kazimoto: ubaya unaohukumiwa

Kazimoto wa Kichwamaji naye hapendeki. Ni msomi wa chuo kikuu anayewadharau wenzake, na anamwendea Sabina kwanza kwa nia ya kulipiza kisasi kwa yale ambayo Manase, kaka yake Sabina, alimtendea Rukia, dada yake Kazimoto. Lakini Kezilahabi hamwachi apite bure. Kila dharau ina malipo yake, na mwisho Kazimoto anajiua. Msomaji haombwi ampende, anaombwa amwelewe na amhukumu. Kati ya msimulizi na mtunzi kuna umbali, na umbali huo ndio unaokosekana kwa Gamba.

Mtazamo wa mpakani

Upungufu huu huonekana wazi riwaya ikisomwa kutoka mpakani. Chukua njia panda ya Bumala, katika Kaunti ya Busia, ambapo barabara ya Kisumu kwenda Busia hukutana na ile ya Port Victoria. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Uganda ikiwa chini ya Idi Amin, kahawa ilivushwa kwa magendo kuingia Kenya, hasa bei ilipopanda baada ya baridi kali kuiharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975. Busia ndiko lilikoanzia pia neno bodaboda, kutokana na waendesha baiskeli waliowavusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.

Mwendesha baiskeli huyo angeweza kuwa mwongo, mlafi, hata msaliti, na bado akatushika kama msimulizi, kwa kuwa angekuwa na cha kupoteza. Hofu humkaa yule asiyekuwa na uhakika wa kufika ng'ambo.

Hitimisho

Haki itendeke: Musiba aliwavuta wasomaji wengi kwa Kiswahili chepesi na mwendo wa kasi, na aliuleta ukombozi wa Afrika katika riwaya pendwa. Pamoja na hayo, kupendwa na wengi hakuizuii kazi kuhakikiwa. Mwanafunzi asiishie kuuliza, "Je, msimulizi huyu ni mwema?" Aulize, "Je, riwaya inamjua?"

Maswali ya mjadala

1. Bainisha mbinu tatu ambazo mtunzi anaweza kuzitumia kujitenga na msimulizi wake.

2. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ni mpelelezi asiyejisimulia mwenyewe. Je, jambo hili linaathirije taharuki?

3. Andika ukurasa mmoja wa kisa cha magendo kinachosimuliwa na mvushaji wa Busia au Malaba asiyependeka.